Chenji imekosekana: wenye butiki tunaweza kutoa vipande vyetu wenyewe?

Mama Butiki, Katuba
Ndugu zangu, nisaidieni. Nauza unga, mafuta na sabuni hapa Lubumbashi. Noti za faranga 100 na 200 zimekuwa adimu, na zinazonifikia zimechakaa hadi hazishikiki. Mteja akidai 200 nampa bonbon, yaani pipi, naye ananuna. Ana haki: bonbon hainunui chumvi. Majirani zangu wanataka tutengeneze vipande vya plastiki vyenye majina yetu, vipokelewe katika butiki zetu zote. Kuna mahali wafanyabiashara waliwahi kufanya hivyo? Iliishaje?

Papa Sarafu, mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi
Mama, walifanya Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1862 watu walificha sarafu za dhahabu na za fedha, mwisho hata senti. Wakalipana kwa stempu za posta, na gundi yake ikazigandisha mifukoni. Ndipo wenye maduka wakaagiza vipande vya shaba, vikubwa kama senti, vyenye jina la duka na mtaa. Inakadiriwa vilifika milioni 25.

Sasa sikia habari za Gustavus Lindenmueller, mwenye baa New York. Peke yake alitoa zaidi ya milioni moja. Kampuni ya tramu za farasi ya Third Avenue ilivipokea kama nauli. Ilipompelekea rundo lake ili avikomboe kwa pesa halisi, alikataa, na sheria ya kumbana haikuwepo. Abiria alishapanda, mwenye baa alishauza, hasara ikabaki kwa aliyekuwa navyo mkononi. Naona uchungu kila ninapoisimulia. Mwaka 1864 serikali ilianza kutoa senti za bronzi, na Bunge likapiga marufuku sarafu za watu binafsi.

Kwetu pia kutoa pesa ni kazi ya Benki Kuu ya Kongo. Usitengeneze kitu cha kupita mkono hadi mkono. Mwandikie mteja chenji anayokudai kwenye daftari, kwa jina lake, aimalize kwako.

Yaya wa Kamalondo
Nakubaliana na Papa. Kwa wapenda sarafu: jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo lilitoa za faranga 1 na 5, mwaka 1961, zenye picha ya ule msalaba wetu wa shaba, uliokuwa pesa ya zamani. Hizo zilikuwa na serikali nyuma yake. Mama, nyuma ya plastiki yako kuna nani jirani mmoja akihama?

Mama Butiki, Katuba
Asanteni sana. Vipande nimeviacha, kesho nanunua daftari. Ila wateja wangu wengine hawasomi. Huyo nimwekee alama gani, aamini kwamba 200 yake nimeiandika?