Mtoto wa miaka 10 mnamkata kwenye timu ya besiboli kisa mfupi?? Nina hasira wakuu

Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa nimevurugwa kwahiyo nikichapia mtanisamehe. Niko Houston huku Texas mwaka wa 12 sasa, mimi ni mtu wa Simba na ndondo, besiboli nilikuwa naionaga kama kriketi ya wavivu, ila kijana wangu ndo kaipenda, toka ana miaka sita analala na glovu kitandani, sasa baba utafanyaje si unajifunza tu hivyo hivyo.

Jumamosi nikampeleka kwenye majaribio ya timu moja ya mtaani kwetu, jina naliacha. Dola 40 ya kujiandikisha, hairudi. Watoto wamebandikwa namba mgongoni, makocha wanne kwenye viti vya kukunja na karatasi zao. Sasa sikieni majaribio yenyewe: kugonga mipira mitano. MITANO. Na inatoka kwenye mashine! Mrushaji binadamu unamsoma mkono na bega unajua mpira unakuja lini, mashine inatema tu. Dogo hajawahi kuiona hiyo mashine, akakosa miwili, wa tatu kaugusa, miwili ya mwisho kaichapa imepita juu ya kichwa cha anayelinda besi ya pili (besi ni vile vituo wanavyokimbilia). Ndo kwanza anaizoea, wakaita namba inayofuata.

Kudaka ndo kwake sasa. Mipira mitatu ya chini, anachuchumaa, anaufuata mpira kwa miguu hausubiri umkute, mikono miwili, kageuka karusha besi ya kwanza, mitatu yote. Naapa kocha mmoja alikuwa anachati na mwingine anapiga stori na mzazi mwenzangu mmoja hivi kashika kikombe cha kahawa. Nani kaandika? Hakuna!

Akaja mtoto mmoja bonge la mtu (simlaumu mtoto, ni Mungu kampa), kaangusha miwili kati ya mitatu, ila alivyorusha kwa nguvu kile kibastola cha kupimia spidi kikasoma vizuri, makocha wote kalamu mkononi.

Halafu umri. Little League, yaani ligi kubwa ya besiboli ya watoto huku, wanahesabu umri wa mtoto ulivyo tarehe 31 Agosti, na hawa jamaa wanafuata hivyo hivyo. Wangu kazaliwa katikati ya Agosti, maana yake yuko kapu moja na mtoto aliyezaliwa Septemba ya mwaka wa nyuma, karibu mwaka mzima, na kwa watoto wa miaka kumi hiyo inaonekana kabisa kwenye urefu. Nikamfuata kocha akaniambia kijana anajua mpira ila bado mdogo, arudi akirefuka. Arefuke vipi, nimmwagilie maji?

Na hii ni Houston jamani, mji wa Jose Altuve, staa wa Astros, timu kubwa ya besiboli ya hapa! Futi 5 na inchi 6. Astros hao hao walimfukuza kwenye majaribio kule Maracay Venezuela kisa mfupi, kesho yake akarudi tena, wakamsaini kwa dola 15,000 tu, 2017 kawa MVP, yaani mchezaji bora, wa American League, moja ya ligi mbili kubwa za besiboli huku. Jezi yake wameivaa hao makocha mgongoni!!

Walioitwa ni 12, wanne ni watoto wa makocha wale wale wa kwenye viti. Yaani mtu anasahihisha mtihani wa mwanae. Wamarekani wenyewe wanaijua wanaiita dadi boli, wanacheka, wanaendelea. Mngewapa watoto mechi hata ya nusu saa, mkaleta watu wa nje wakae na hizo karatasi, nani angelalamika?

Walioko Houston wanaojua timu isiyo na huu upuuzi njooni PM.

EDIT: Mnaosema nimpeleke soka nimewasoma. Dogo hataki soka. Nimejaribu miaka minne.