Zoni faili ya .se inapatikanaje?

Wakuu, nataka zoni faili, yaani listi ya domeni zote za .se (Uswidi), nimeingia CZDS, huduma ya kuomba zoni faili ya ICANN (shirika linaloratibu majina ya domeni duniani), nakuta .com, .net, .xyz, za nchi hamna kabisa. Nakosea wapi?

> CZDS ni ya zile za jumla tu mkuu, za nchi kila rejista (msimamizi wa domeni za nchi hiyo) inaamua yenyewe. Uswidi wameachia tangu 2016, huombi hata ruhusa, fungua terminali piga dig @zonedata.iis.se se AXFR (amri ya kuvuta zoni nzima kutoka kwenye seva yao) na uielekeze kwenye faili, ni kubwa usije ukaifungua na Notepad 😂

> Uswisi nao wametoa .ch mwaka 2020, ila pale unaweka ufunguo wa TSIG (wa kuthibitisha ombi lako kwa seva), wameubandika wazi kwenye tovuti yao

Na nchi zilizofunga?

> Chimba logi za vyeti vya SSL (kumbukumbu za wazi za vyeti vya usalama vya tovuti), anza na crt.sh, tovuti ya kuzitafuta, domeni isiyo na cheti huioni lakini