Naomba ushauri: Mama ameigeuza Zaburi ya 91 kuwa hirizi

Binti wa Birere (Goma, Mei 2020)
Wapendwa, Bwana asifiwe. Tangu makanisa yafungwe kwa ajili ya Korona, na mpaka wa kuingia Gisenyi, upande wa Rwanda, ufungwe, mimi niliyekuwa nikivuka kila asubuhi kutafuta nyanya za kuuza nashinda nyumbani na mama yangu mzee. Kila jioni anasoma Zaburi ya 91, na akifika kwenye maneno "wala tauni haitaikaribia hema yako" ananitazama, kwa maana sabuni ameifungia kabatini akisema kunawa kila saa ni kukosa imani. Mimi naogopa Korona, na ninaona haya kuogopa. Nimjibu nini bila kumvunja moyo?

Mzee wa Katindo
Binti yangu, someni pamoja Mathayo 4. Shetani alipomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu alimnukulia zaburi hiyo hiyo ili ajitupe chini, naye Bwana akajibu kwamba imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Kisha mwonyeshe mstari wa 15 wa zaburi yenyewe: "Nitakuwa pamoja naye taabuni." Angekuwaje naye taabuni kama taabu isingemfikia?

Mama Furaha
Mzee amesema vyema. Mimi naongeza kwamba mwaka jana, mwezi wa saba, mtu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na Ebola hapa Goma alikuwa mchungaji. Simhukumu marehemu, nasema tu kwamba ugonjwa haumwulizi mtu kama ameokoka. Wakati ule tulinawa kwa maji ya klorini kwenye milango ya makanisa yetu, tukaingia tukaimba, wala sikumbuki aliyeona kwamba ndoo ile inamtukana Mungu.
Kuhusu haya yako, dada, Daudi hakusema haogopi. Katika Zaburi ya 56, mikononi mwa Wafilisti, anasema: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hofu na tumaini vimo katika mstari mmoja.

Binti wa Birere
Asanteni sana. Jana tulisoma Mathayo 4 kwa mwanga wa simu, maana umeme ulikuwa umekatika. Mama alinyamaza kitambo, akasema Shetani anaijua Biblia kuliko wahubiri wengine wa redioni, kisha akalala. Leo asubuhi nimeikuta sabuni juu ya bidoni la maji, ingali kavu.