Wanaojitolea wananitoka mmoja mmoja, kosa liko wapi?

BiMakorora (Tanga)

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Na wenzangu wawili tuna kituo cha kuwasomea watoto vitabu hapa Makorora, kila Jumamosi saa tatu hadi saa sita mchana. Watoto hawapungui arobaini. Mfadhili hatuna, tuna mikeka, kabati moja la vitabu, na ubao nilioukuta shuleni unataka kuchanjwa kuni.

Mwezi wa pili nilikuwa na vijana kumi na mmoja wa kujitolea, wengi wamemaliza kidato cha nne wako nyumbani tu. Leo mwezi wa nane wamebaki wanne. Hakuna aliyegombana nami, hakuna aliyeaga. Huanza kuchelewa, halafu "bibi leo tuna mgeni nyumbani", halafu simu haipatikani kabisa.

Nikadhani wanataka kitu cha kuwatia moyo. Nikatoa kwenye pensheni yangu, nikachapisha fulana kumi na mbili za njano, mgongoni MWALIMU WA KUJITOLEA. Wakapiga picha, wakafurahi. Jumamosi iliyofuata wawili hawakutokea, na moja ya fulana zile nimekutana nayo soko la Mgandini imevaliwa na muuza mihogo. Nilicheka pale pale, ila usiku usingizi haukuja.

Niwape posho? Nitaitoa wapi? Au ndiyo vijana wa siku hizi hawana moyo?

MpareWaZamani

Hawana moyo, mwalimu, usijisumbue. Sisi kwetu ukiitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, unatoka alfajiri na jembe begani, hakuna fulana wala soda. Leo kijana anauliza kwanza "kuna nini hapo?"

MkobaBegani (Kwale)

Salaam bi mkubwa. Nianze na ndugu hapo juu: kwenye msaragambo mlichimba mfereji, na maji yakafika mpaka shambani kwako. Na asiyetoka alitozwa faini. Usimlinganishe na kijana anayemsomesha mtoto wa jirani.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Miaka mingi nilizunguka nyumba kama mia bila senti, kuuliza habari za watoto, kuwasukuma kina mama waende kliniki. Tangu 2023 twapata elfu tano za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Ilikuwa haki yetu, na Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo 2018 kwamba watu wa kazi hii walipwe. Kazi ya kila siku ukiiita kujitolea, wapunja watu tu. Lakini hizo saa tatu zako za Jumamosi ni jambo jingine. Usianze na pesa. Ukitoa elfu mbili mwezi huu ukakosa mwezi ujao, wataona umewakata mshahara.

Kilichonipa nguvu mimi ni mkoba. Tulipopewa mkoba wenye kipimo cha presha na cha sukari, mzee mmoja aliyekuwa akinifungulia mbwa alinivutia kiti. Kabla ya hapo nilikwenda mikono mitupu, na maneno tu. Vijana wako unawapa nini mkononi? Hizo saa tatu wanafanya nini hasa?

NiliyewahiKutoweka (Morogoro)

Shikamoo bibi. Mimi ni mmoja wa hao wanaotoweka, ila si kwako. Nilijitolea mwaka mzima kwenye asasi moja, jina niliache. Gari mbili kwenda, gari mbili kurudi, mfukoni mwangu. Siku wageni walipokuja tulipanga viti tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mchana zikapita bahasha za kaki, watu wanasaini. Mimi ndiye niliyeshika kamera, nikawapiga picha wakisaini. Bahasha sikudai. Soda nilipewa iliyobaki, ya moto. Baadaye nikaomba barua ya utambulisho niombee kazi, mwenyekiti akaniambia, "Wewe si mtoto wa nyumbani? Barua ya nini?" Nikanyamaza. Jumatatu sikurudi.

Kwa hiyo bibi, nauli rudisha, hata kwa wanaotoka mbali peke yao, na toa kabla hawajaomba maana kuomba kunaumiza. Barua iandike mapema: alianza lini, alifanya nini, alisomesha watoto wangapi. Vile vyeti vya tarehe 5 Desemba, Siku ya Kujitolea, vyenye jina lako limekosewa, usaili hauvijui.

Halafu kuna hili. Umesema wamemaliza kidato cha nne, na simu hazipatikani. Kidato cha tano si huanza mwezi wa saba, bibi? Na shuleni simu haziruhusiwi.

BiMakorora (Tanga)

Marahaba mwanangu. Hilo la mwisho limeniaibisha, mimi niliyekula chaki miaka thelathini na moja. Jana nilichukua daftari la mahudhurio nikapita nyumba kwa nyumba. Katika saba walioondoka, wanne wako bweni. Mama wa mmoja akanionyesha fulana ya njano imekunjwa kabatini: "Kasema Desemba akifunga shule atakuja nayo." Muuza mihogo ni mjomba wa mwingine, aliachiwa fulana kama urithi.

Wa tano amepata kazi duka la simu. Wa sita anatoka Pongwe, nauli ilimshinda, akaona haya kusema. Huyo tumekubaliana wazee watatu tumchangie.

Wa saba ndiye aliyenivua nguo. Alisema, "Bibi, kusoma ulikuwa unasoma wewe. Mimi natandika mikeka na kunyamazisha watoto. Kitabu hujanipa hata siku moja." Dada wa Kwale, swali lako limejibiwa hapo.

Leo amekuja. Nimempa watoto sita na kitabu cha hadithi, wakakaa chini ya mwarobaini. Anasoma mbio, anameza silabi. Nilikwisha nyanyuka kumsahihisha, nikajizuia nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Saa sita ilipofika kundi lake lilikuwa la mwisho kuondoka.

Tatizo sasa ni vitabu. Makundi matano, kabati moja, na nusu yake ni vitabu vya kidato.

MpareWaZamani

Mwalimu, nina boksi la vitabu vya wanangu, darasa la kwanza hadi la nne, viko hapa Same vinaliwa na mchwa. Nikimpa kondakta wa basi la Tanga, nani atalipokea stendi ya Kange?

BiMakorora (Tanga)

Nitampeleka yule wa saba. Niandikie tu basi na saa.