Naomba ushauri: mashine ya gemu kutoka Japani hadi Kigoma, ikifika Dar nipakie treni au lori?

Kijana wa Mwanga
Habari za muda huu wakuu. Kuna mashine ya gemu inakuja kutoka Japani, zile za kukalia zenye stiki mbili na vitufe. Kimo sentimita 145, upana 75, kina 90, uzito karibu kilo 100. Itashukia Dar, mwisho wa safari ni hapa Kigoma. Swali langu ni moja tu: kutoka Dar nipakie treni au lori? Silali vizuri, kitu ni cha gharama na ndani kuna kioo. Wenye uzoefu nisaidieni.

Reli ya Kati
Treni, mkuu. Ni kilomita zipatazo 1,250, na reli haina matuta. Ila ujue kinachoumiza mzigo kwenye treni: si mwendo, ni mabehewa kugongana yanapokatwa na kuunganishwa. Tabora ndipo ya Mwanza na ya Kigoma yanapoachana, hapo hupigwa mshtuko wa mbele na nyuma. Kwa hiyo vizuizi vya mbao viwekwe pande hizo mbili, na mikanda ifungwe kwenye ukuta wa behewa. Masika uliza hali ya njia kwanza, kipande cha Kilosa hadi Gulwe hukatwa na mafuriko.
Ukilazimika lori, mzigo ukae katikati ya bodi. Nyuma ya ekseli ya mwisho ndiko kunakoruka zaidi.

Mama Kibirizi
Mdogo wangu, hela hiyo ungenunua hata injini ya boti. Watoto wa mtaani wakianza kutoroka shule kuja kwako, wazazi watakuja na wao. Fikiria saa za kufungua kabla ya kufikiria treni.

Fundi Chogo
Treni na lori zisubiri. Jibu mawili. Kioo ni flati au chogo? Na baharini inavuka ikiwa ndani ya nini?

Kijana wa Mwanga
Chogo, inchi 29. Ya baharini imeshapangwa mkuu, hiyo isitusumbue. Mimi nataka kujua Dar hadi Kigoma.

Fundi Chogo
Kaka, mashine hizi nyingi huharibika kabla hazijaona bandari yetu. Imepangwa vipi? Kreti? Paleti? Kontena la kuchangia?

Kijana wa Mwanga
Sawa, niseme. Inakuja ndani ya Hiace. Nimenunua gari hukohuko, muuzaji akasema mashine ataiweka nyuma bila nauli ya ziada. Gari linaingia kwenye meli ya magari mwisho wa mwezi. Nusu ya hela ya mashine nimeshalipa.

Wakala wa Kurasini
Hapo sasa. Meli ya magari inabeba gari kama gari. Kampuni nyingi za meli hizo haziruhusu mzigo ndani, na wanaoruhusu wanataka uorodheshwe. Kisichoorodheshwa hakimo kwenye bili ya shehena, kwa hiyo kikipotea huna pa kudai, na bima ya gari haikigusi. Funguo hubaki kwenye gari kwa sababu dereva wa bandari ndiye analishusha, yaani kila anayepita anaweza kufungua mlango. Forodha wakikuta kitu ambacho hakikutajwa kwenye tamko, gari nalo linazuiwa. Utalipia siku za kukaa bandarini kwa vitu viwili.

Fundi Chogo
Na angalia vipimo vyako mwenyewe. Hiace ya paa la kawaida ina kimo cha mita 1.3 hivi ndani. Mashine ni 1.45. Haiwezi kusimama, italazwa, na wengi huilaza chali kwa sababu mgongo ni bapa. Ikilala chali kioo kinatazama juu na shingo ya tyubu, yaani mkia wa kioo cha chogo, inatazama chini. Uzito wote wa kioo unaning'inia kwenye boliti nne za pembeni, na chembe zilizolegea ndani ya tyubu zinaweza kuangukia bunduki ya elektroni iliyomo shingoni. Shingo yenyewe ni bomba jembamba la glasi. Ikipata ufa mdogo hewa inaingia, na tyubu imekufa. Haitengenezeki tena.

Kijana wa Mwanga
Muuzaji ameniambia ataifunga na magodoro mawili. Watu wanaleta matairi, friji na TV ndani ya magari kila siku, mbona yanafika? Nafasi kwenye kontena ni hela nyingine, nami nimeshajifunga.

Wakala wa Kurasini
Tairi likianguka linabaki tairi, mkuu.
Kontena la kuchangia linatozwa kwa ujazo: mita moja ya ujazo au tani moja, kinachozidi ndicho unacholipia. Kreti ya sentimita 95 kwa 110 kwa 165 ni mita za ujazo 1.72. Hulipii kontena zima. Mbao za kreti na paleti ziwe na muhuri wa HT wa kiwango cha ISPM 15, maana yake zimepashwa moto hadi nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30, kuua wadudu. Mbao zisizo na muhuri ni ugomvi bandarini.
Kwenye ankara usiandike "mashine ya gemu" ukaishia hapo. Andika kuwa ni ya burudani, haitoi pesa wala zawadi, ili isichanganywe na dubwi, ambazo ni za Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mashine ya sarafu iko kwenye kifungu cha 9504.30 cha orodha ya ushuru. Utalipa ushuru wa forodha, kisha VAT 18% juu ya jumla ya thamani, nauli, bima na ushuru huo. Ukaguzi wa TBS wa kabla ya kusafirisha uulize sasa, si mzigo ukiwa majini. Bima ya mzigo chukua ile pana ya kundi A, na ujue kwamba hata hiyo hailipi kama ufungaji ulikuwa mbovu.

Fundi Chogo
Naongezea hapo kwenye ufungaji, maana ndipo pesa yake inapookolewa au kupotea.
Kwanza ubao wa gemu utolewe, uingie kwenye mfuko wa kuzuia umemetuli, usafiri peke yake. Halafu wafungue mlango wa nyuma wakaze boliti nne za kioo na skrubu za transfoma iliyo chini. Transfoma ikichomoka baharini inageuka nyundo ndani ya kabati. Wasishindilie sponji kuzunguka shingo wakidhani wanailinda. Msukumo wa pembeni ndio unaoikata. Mashine isikae kwenye magurudumu yake, ipandishwe kwenye vipande vya mbao chini ya fremu. Sponji ngumu ya sentimita 5 pande zote, kisha plaiwudi ya milimita 12, mikanda miwili ya kubana kwenye paleti. Isafiri imesimama. Funguo zifungwe nje ya kreti, zisiachwe ndani ya mashine.
Maji nayo. Kontena likichomwa na jua mchana na kupoa usiku, unyevu unageuka matone darini na kunyesha humo ndani. Chipubodi ikilowa inavimba na skrubu hazishiki tena. Mfuko wa foili uliozibwa, silika jeli ndani yake, si nailoni ya kawaida iliyobanwa juu ya mashine, kwa sababu hiyo inafungia unyevu.

Mzee wa Ujiji
Vijana, meli ya Liemba ilikuja hapa kwa njia hiyohiyo mnayoieleza. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikashushwa Dar na kuletwa huku kwa reli. Ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini 1915. Wajerumani walipoizamisha 1916 mafundi walipaka injini grisi kwanza, ndiyo maana Waingereza walipoiinua 1924 iliweza kurudi kazini 1927. Meli nzima, wanangu. Mnashindwa na kabati moja?

Mgebuka Mkavu
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Mtu anaanza na treni, mara Hiace, mara nusu ya hela. Hajaweka picha hata moja. Na nani analipia mashine asiyoiona?

Kijana wa Mwanga
Sio chai. Hii hapa picha aliyonitumia, na hii ya kibati cha maelezo kilicho nyuma. Kilichonifanya nisiseme ya Hiace ni kwamba nilijua mtanikataza.

Mgebuka Mkavu
Picha ya mbele ina sakafu ya vigae, ya kibati ina sakafu ya saruji. Hizo ni sehemu mbili tofauti.

Fundi Chogo
Mgebuka ana jicho. Na kwenye picha ya mbele kioo kimezimwa. Kama kuna chai hapa huenda aliyeipika ni muuzaji. Kaka, usitume nusu iliyobaki. Mwambie akutumie video moja isiyokatwa: karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo juu ya stiki, kibati cha nyuma, kisha awashe. Asubiri dakika kumi. Picha ikitetemeka pembeni ni kapasita, hizo zinabadilishwa. Ikiwa na giza na ukungu hata baada ya kupata moto, tyubu imechoka, na tyubu haibadilishwi kirahisi hata Dar.

Mama Kibirizi
Hilo la video ndilo neno. Na mdogo wangu, nilikusema kuhusu watoto, lakini usiibiwe.

Kijana wa Mwanga
Amenijibu. Video ametuma, karatasi ina jina langu, kibati ni kilekile, picha inawaka vizuri ila kona ya kulia ina wekundu kidogo. Nimemwambia Hiace ije peke yake. Kreti anasema nilipie mimi, bado tunabishana. Kibati kimeandikwa AC 100V. Hapa nikichomeka moja kwa moja?

Fundi Chogo
Unaiua sekunde hiyohiyo. Kwetu ni volti 230. Tafuta transfoma ya kushusha, 230 kwenda 100, isiwe chini ya VA 500, kwa sababu koili ya kuondoa sumaku inavuta umeme mwingi kwenye kuwasha. Kabla yake weka stabilaiza. Hezi 50 si tatizo, Tokyo nako ni 50.
Wekundu wa konani usikutishe sasa. Tyubu imerekebishwa kwa uga wa sumaku wa kaskazini ya ikweta, huku tuko kusini, rangi zinaweza kuhama zaidi ikifika. Pitisha koili ya kuondoa sumaku, isipotosha ndipo fundi aguse zile pete za sumaku za shingoni. Awe fundi aliyezoea TV za chogo, na kabla hajaingiza mkono amwage chaji iliyobaki kwenye kikombe cha mpira kilicho juu ya tyubu kwa bisibisi iliyofungwa waya kwenda kwenye waya wa ardhi wa kioo. Hata ikiwa imechomolewa tangu jana.
Mashine ikifika iache ndani ya nyumba siku nzima bila kuiwasha, unyevu utoke.

Reli ya Kati
Na kreti usiifungue stesheni. Piga picha pande zote nne mbele ya karani wa mizigo kabla ya kusaini.