Vibarua wanabadilika kila siku, mafunzo ya usalama saiti nayafanyaje?

Msimamizi_Dom: Habari wakuu. Nasimamia jengo la ghorofa 3 hapa Dodoma. Mafundi ni wale wale, ila vibarua wa zege wanakuja asubuhi, jioni wanalipwa, kesho wanakuja wengine. Kila Jumatatu nawakusanya nawasomea kanuni za usalama, wanaitikia "sawa bosi". Juzi kibarua kang'oa mrunda (mti wa kushikilia) chini ya slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, iliyomwagwa siku 6 tu, ili toroli lipite. Tuliwahi kuurudishia, hakuna aliyeumia. Helmeti na buti zipo. Nibadilishe nini?

FundiMbao: Pole mkuu, mshukuru Mungu. Ila kijana huyo hakukaidi, aliona mti umemzibia njia. Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa kilo kama 360 kwa kila mita ya mraba. Ukimwambia kibarua "kilo 360" hashtuki. Mwambie kila eneo la hatua moja kwa hatua moja juu ya kichwa chake imelala mifuko 7 ya saruji, na mti huu ndio umeishika. Hapo ataangalia juu mwenyewe.

Mimi wageni nawapeleka chini ya slabu kabla hawajashika koleo. Namuuliza mmoja mmoja: mrunda ukikuzuia unafanyaje? Nasubiri jibu, "namwita fundi". Akinyamaza, bado hajaelewa, naanza upya. Halafu anasukuma toroli tupu njia nzima, kutoka kwenye kokoto mpaka kwenye winchi.

Na hiyo njia uiache wewe wakati mirunda inapangwa. Ukimpa njia nyembamba kuliko toroli, na umemlipa kwa kipande, atang'oa tu hata umfundishe mwaka mzima.

MamaZege: Kaka, mimi nabeba zege. Huo mkutano wa Jumatatu, sisi tuliokuja Jumatano tunaupata wapi? Jambo jingine, wengi wetu tunaona kitu kibaya tunanyamaza, maana anayeulizauliza kesho haitwi kazini. Siku moja mwite tena aliyeuliza, mbele ya wenzake. Tutasema.

Kagera_QS: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imeweka mafunzo mikononi mwa mwajiri, na saiti inatakiwa isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kibarua wa siku moja naye ni mtu wako, usimwachie aliyemleta.

Msimamizi_Dom: Asanteni sana, dada MamaZege hasa. Hilo la kuogopa kutoitwa sikuwahi kuambiwa na mtu. FundiMbao, mirunda naiacha siku ngapi?

FundiMbao: Sisi tunaacha 21, na haing'oki mpaka injinia atamke. Tarehe ya kumwaga zege iandike kwa rangi kwenye nguzo, kubwa, pale toroli linapopita.