Tupeane uzoefu: Umenyanyua 4x4 yako, nyuma ikaanza kugonga au kuyumba. Tatizo lilikuwa nini hasa?

Mwanzisha uzi
Heshima kwenu wakuu. Uzi huu ni wa wenye magari yaliyonyanyuliwa: Prado, Hilux, Land Cruiser, Defender, hata vi-Jimny. Mtu anafunga springi ndefu, gari linasimama kibabe, halafu haupiti muda nyuma inaanza vituko. Ukifika gereji jibu ni moja tu: "Shokapu zimekufa, bosi." Unafunga mpya, kelele iko pale pale. Karibuni mseme gari gani, kelele inakuja wakati gani, na nini kiliitibu.

Naanza na Prado yangu ya 1998, iko juu inchi 2. Kwenye lami kimya. Ikivuka tuta kwa kukata upande, inatoa "ko!" moja nzito. Fundi mmoja mzee hakugusa hata spana. Aliingia chini gari likiwa limesimama kwa tairi zake, akaweka vidole kwenye bushi (mpira wa kwenye maungio) ya panadi rodi, akaniambia nisukume bodi kushoto kulia. Bushi ilikuwa imeachia, chuma kinacheza ndani yake.

Kwa wageni: panadi rodi ni kile chuma kirefu kinachotoka kwenye chesisi upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili, kuzuia ekseli isitembee pembeni.

Na bushi ilikuwa mpya! Kilichoiua ni namna ilivyofungwa. Gereji ilikaza bolti gari likiwa juu, ekseli inaning'inia. Ukikaza hivyo, gari likishuka mpira unajikamua na kubaki umepindika muda wote, unachanika mapema. Unatakiwa uache bolti legelege, ushushe gari, ulitikise litulie, ndipo ukaze.

Mdau wa Arusha
Mkuu umegusa penyewe. Niongezee: ukinyanyua gari lenye panadi rodi, ekseli lazima isogee pembeni. Kwa inchi 2 ni milimita chache, wengi hawaoni. Ukipanda inchi 4 inaweza kufika sentimita nzima, na hapo unahitaji rodi ya kurefushwa. Pima kwa uzi wenye timazi toka kwenye fenda hadi tairi, kushoto na kulia.

Ila angalizo kwa wenye Land Cruiser 79 za V8 dizeli zilizoanza 2007: tairi za nyuma zimekaa ndani kuliko za mbele toka kiwandani. Usije ukamlaumu fundi bure. Hiyo haina hata panadi rodi nyuma, ni springi bapa (zile za majani ya chuma yaliyopangana).

Kuhusu shokapu, ipo siku kweli ni zenyewe. Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Natron ikishika makorogesho (yale mawimbi madogo madogo ya barabara), simama baada ya mwendo mrefu usogeze mkono karibu na kila shokapu bila kushika, maana inaunguza. Inayofanya kazi ina moto. Ukikuta moja ya baridi wakati mwenzake inachoma, hiyo ya baridi ndiyo marehemu.

Mdau wa Mbeya
Hilux dabo kebini, springi bapa. Nilifungiwa shako ndefu, zile pleti mbili zinazobeba springi kwa nyuma. Gari likapanda vizuri, lakini kuanzia spidi 70 sakafu inavuma mpaka kioo cha ndani kinatetemeka. Wakabalansi tairi, wakabadilisha krosi (viungo vinavyokunja) za propela, kile chuma kinachopeleka mzunguko toka geaboksi hadi ekseli ya nyuma, wapi.

Kumbe shako ndefu ikishusha ncha ya nyuma ya springi, ekseli nzima inajizungusha, pua ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli, propela inapoingia) inaangalia juu. Propela ya krosi za kawaida inataka pua ya difu iwe sambamba na mahali propela inapotokea kwenye geaboksi. Usambamba ukipotea, mtetemo hauishi hata ufunge krosi za dhahabu. Dawa ilikuwa kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na ekseli, pua ikarudi chini. Halafu mkumbuke: ukirefusha shako inchi 2 gari linapanda inchi 1 tu, kwa sababu ekseli iko katikati ya springi.

Mdau wa Dodoma
Si ungeweka tu vipande vya chuma kati ya springi na ekseli? Pua ya difu haigeuki.

Mdau wa Mbeya
Haigeuki ukiwa umepaki. Ukiondoka na mzigo kwenye mlima, kile kipande kinakuwa wenzo. Ekseli inajikunja, springi zinajipinda, unasikia nyuma inarukaruka. Kidogo sawa, ila kirefu mimi sishauri. Na yuboti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zikifunguliwa nunua mpya, halafu zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Zikilegea, senta bolti, ile inayoshika majani ya springi katikati, inakatika na ekseli inahama.

Jambo jingine la Hilux za zamani ambalo halipigi kelele: kuna vavu ya breki inayosoma mzigo kwa fimbo iliyoungwa kwenye ekseli. Ukinyanyua gari, fimbo inavutwa, vavu inadhani gari ni tupu muda wote, breki za nyuma zinapunguziwa nguvu hata ukiwa umebeba. Kishikizo chake kisogezwe.

Mdau wa Nanyuki
Habari zenu. Defender 110 hapa. Hii haina panadi rodi nyuma, kuna fremu ya umbo la A inayoshikwa juu ya ekseli na boli jointi moja. Yangu ilikuwa inagonga kila nikiachia mafuta na kila nikikanyaga tena, kwa tuta kimya. Pia nyuma ilikuwa kama inajiendesha yenyewe kwa barabara ya mawe ya Loiyangalani. Ilikuwa hiyo boli jointi. Mtu mmoja aingize na kutoa gia polepole, mwingine aangalie kwa tochi, utaiona ikicheza.

Mdau wa Tanga
Wakuu, Jimny yangu ina springi za inchi 2, shokapu ni zile za kawaida. Nikishuka tuta nyuma inapiga "pa!" kama kitu kimefika mwisho. Ni bushi?

Mwanzisha uzi
Ndugu, hiyo nadhani shokapu ni fupi. Springi imeshusha ekseli, shokapu haina tena nafasi ya kurefuka, kwa hiyo tairi likining'inia inavutika hadi mwisho na ndiyo inayobeba uzito wa ekseli. Ukiendelea itang'oa kikonyo chake. Weka jeki kwenye chesisi, siyo kwenye ekseli, nyanyua nyuma taratibu, weka na stendi ya usalama. Kisha fungua bolti za chini za shokapu huku ekseli ikishikiliwa na jeki ya pili. Ukishusha hiyo jeki na ekseli ikaendelea kwenda chini, umepata jibu. Ila shusha kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye hozi ya breki, maana nayo haikurefushwa.